Propela Huchaguliwa Baharini, Mzigo Ukiwa Ndani

 

Tumeingia Oktoba. Marufuku ya kuvua nguru hapa Oman, iliyoanza tarehe 15 Agosti, inamalizika tarehe 15 ya mwezi huu, na baada ya hapo bahari iko wazi. Kusi limekwisha nguvu, maji yametulia, joto limeanza kupungua. Ukipita ufukweni Sur siku hizi utaona boti za faiba zimepandishwa mchangani, vifuniko vya mashine vimevuliwa, nyavu zimetandazwa zinashonwa. Huyu anabadilisha plagi, yule anamwaga oili ya zamani, mwengine anasafisha tangi la petroli. Kila kitu kinaguswa, isipokuwa kimoja kilicho chini kabisa nyuma ya boti: propela, au rafadha kwa wanaopenda jina la vitabuni. Ilikuja na mashine, ikafungwa na aliyeiuza mashine, na hapo itakaa mpaka ivunjike. Siku ikivunjika, mwenyewe ataichukua mkononi, ataipeleka dukani na kusema, "Nipe kama hii."

Nataka tuzungumze juu ya hilo neno, "nipe kama hii." Linawala wavuvi wetu fedha kila siku wanayotoka, linaua mashine kabla ya wakati wake, na siku bahari ikichafuka linaweza kuhatarisha roho za watu. Na dawa yake si ghali.

Msikilizaji wetu mmoja, mvuvi wa Sur, ametuletea swali. Anasema ana boti ya faiba na mashine moja ya nguvu za farasi 75. Asubuhi akitoka na vijana wake wawili boti inakwenda vizuri. Lakini akirudi na barafu, nyavu zilizoloa na samaki, omo linanyanyuka juu, tezi inazama, mashine inanguruma na mwendo haupatikani. Petroli inakwisha kama inayomwagwa. Anauliza, "Je, nikope ninunue mashine kubwa zaidi, ya 115?"

Ndugu yangu, usikope bado. Kabla hujakwenda kuhangaikia deni, inama nyuma ya boti yako uitazame propela.

Kwenye kitovu chake, ubavuni au kwa nyuma, kuna namba zimegongwa. Huenda zimefunikwa na rangi au chumvi. Zisugue kwa brashi ya waya. Kwa kawaida ni namba mbili zenye alama ya kuzidisha katikati, kwa mfano 13 mara 17. Zote ni inchi. Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga propela ikizunguka. Ya pili mafundi huiita pichi. Hiyo ni umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja, lau maji yangekuwa hayatelezi. Pichi 17 ni inchi 17, kiasi cha sentimita 43 kila mzunguko. Pichi 13 ni sentimita 33. Baada ya namba hizo mara nyingi huwa kuna herufi. Usiidharau. Herufi hiyo inakwambia propela ni ya giaboksi gani, na propela yenye namba sawa lakini herufi nyengine inaweza isiingie kabisa kwenye shafti yako.

Katika namba hizo, kipenyo huna haja ya kukisumbukia sana, kwa sababu kila ukoo wa mashine una vipenyo vyake na mtengenezaji ameshavipanga. Uamuzi wako wewe uko kwenye pichi.

Wasikilizaji wa Nizwa mtanielewa upesi nikizitaja njia za kwenu. Pale Birkat al Mawz, unapoanza kupanda Jabal Akhdar, polisi hawakuachi upite kama gari yako haivuti kwa magurudumu yote manne. Lakini hata hiyo gari yenye nguvu, ukitaka kuipandisha mlima ule kwa gia ya juu, injini italia kwa uzito, itatetemeka, itapata joto, na gari haitapanda. Shusha gia, na injini ile ile itapanda bila taabu. Basi mashine ya boti ina gia moja tu ya kwenda mbele. Pichi ya propela ndiyo gia yenyewe, na ukishaifunga umeichagua kwa safari nzima, kwenda na kurudi, mtupu na mwenye mzigo.

Sasa tutajuaje kwamba gia tuliyoichagua ni sahihi? Mashine yenyewe inatwambia, kwa mizunguko yake. Kila mashine ina kitabu, na ndani ya kitabu mtengenezaji ameandika mizunguko kwa dakika inayotakiwa kufikiwa mafuta yakifunguliwa mpaka mwisho. Mashine nyengine ni baina ya 4,500 na 5,500, nyengine baina ya 5,000 na 6,000. Nguvu za farasi ulizozilipia dukani zinapatikana ndani ya mipaka hiyo tu. Mashine ya farasi 75 isiyofika kwenye mizunguko yake haikupi farasi 75. Umenunua wote, lakini baadhi yao hujawahi kuwatumia.

Hiki ndicho kipimo, na kila nahodha anaweza kukifanya. Chagua asubuhi yenye maji matulivu. Ipakie boti kama inavyorudi kutoka kuvua, na si kama inavyotoka: watu wote, petroli, nyavu, na barafu au madumu ya maji yenye uzito wa samaki unaowapata siku nzuri. Nenda mahali peupe pasipo watu wala vyombo. Fungua mafuta taratibu mpaka mwisho, iache boti ipate mwendo wake wote, halafu soma mita ya mizunguko. Geuza urudi upande wa pili usome tena, ili upepo na mkondo visikudanganye. Mashine nyingi za mkono hazina mita hiyo. Ziko mita ndogo za bei nafuu zinazozungushiwa waya wake kwenye waya wa plagi tu. Mmoja akinunua, wanaweza kuitumia watu wa ufukwe mzima.

Ukishapata namba yako, hesabu ni nyepesi. Kila inchi moja ya pichi unayopunguza inaongeza kiasi cha mizunguko 150 mpaka 200 kwa dakika. Kila inchi unayoongeza inapunguza kiasi hicho hicho.

Turudi kwa ndugu yetu wa Sur. Tuseme kitabu chake kinataka 4,500 mpaka 5,500. Tuseme propela yake ni pichi 17, na akiwa na mzigo mashine inafika 4,200 tu, haipandi zaidi. Akishuka pichi nne, akafunga 13, atapata mizunguko kama 800 ya ziada, yaani karibu 5,000. Hapo yumo katikati ya mipaka, na mashine inapumua.

Najua atakachosema: "Sheikh, pichi ndogo si mwendo mdogo?" Hapo ndipo wengi wanapokosea, basi tupige hesabu pamoja. Tuseme giaboksi yake inapunguza mizunguko kwa nusu. Kwa pichi 17, mashine ikiwa 4,200, propela inazunguka mara 2,100 kwa dakika. Zidisha kwa sentimita 43, halafu kwa dakika 60: unapata karibu kilomita 54 kwa saa. Hiyo ni ahadi ya propela. Lakini maji yanateleza, na boti nzito iliyonyanyua omo na kuburura tezi inateleza sana. Tukisema thuluthi ya ahadi imepotea, amebaki na kilomita 36. Sasa ichukue pichi 13, mashine ikiwa 5,000: mizunguko 2,500 mara sentimita 33 mara dakika 60, ni kilomita 49 na nusu. Ahadi ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Lakini boti safari hii imepanda juu ya maji, haiburuti tena, na mtelezo wa kawaida wa boti iliyopanda vizuri ni baina ya asilimia 10 na 20. Tukikata 15, anabaki na kilomita 42. Amepata mwendo mkubwa zaidi kwa pichi ndogo zaidi, na mashine yake ni ile ile. Namba zenyewe za boti yako zitakuwa nyengine, lakini njia ya hesabu ni hii, na simu yenye ramani itakupa mwendo wako wa kweli uulinganishe na ahadi.

Sikilizeni vizuri madhara ya pande zote mbili. Pichi ikiwa kubwa mno, mashine imebebeshwa. Inafunguliwa mafuta yote lakini haiwezi kuzunguka inavyotaka, kwa hiyo petroli haiungui vizuri, masizi yanaganda kwenye vichwa vya pistoni, joto linapanda, plagi zinakuwa nyeusi. Mwenye mashine haoni kitu, kwa sababu mashine haipigi kelele ya juu. Anadhani inakwenda kwa upole. Siku moja pistoni inashika, na mtu analaumu oili au analaumu mtengenezaji. Pichi ikiwa ndogo mno, mambo yanageuka. Mashine inalia kwa sauti nyembamba, inapita mizunguko iliyowekewa. Mashine mpya zina kifaa kinachozikata zisipitilize, lakini nyingi za zamani hazina ulinzi huo, na mashine inayopitilizwa siku baada ya siku huvunjika vyuma vya ndani. Kwa hiyo tafuta mizunguko iliyo katikati ya mipaka au juu kidogo ya katikati, mzigo ukiwa ndani.

Na hapa kwetu kuna jambo la ziada ambalo kitabu kilichoandikwa kwa nchi za baridi hakilisisitizi. Hewa ya joto ni nyepesi. Mashine inapoivuta, inapata kidogo cha kuunguzia petroli, na nguvu zinashuka. Propela uliyoipima Januari, asubuhi ya baridi, inaweza kuwa nzito kwa mashine ile ile Juni, joto likiwa limepita 40. Nahodha anayevua mwaka mzima afanye kipimo chake zaidi ya mara moja, na akiwa na shaka aegemee upande wa pichi ndogo.

Habari hii ya kuchagua kifaa kulingana na mzigo na hali ya hewa isionekane ngeni kwa watu wa Sur. Mji huu uliijua kabla ya mashine. Meli ya Fatah al Khair, ghanja lililojengwa hapa hapa mwaka 1951, iko kavu leo kila mtu aione. Mwaka 1980 mafundi walijenga Sur chombo kinachoitwa Sohar, na msafiri Tim Severin na mabaharia wake, Waomani wakiwemo, wakakipeleka kwa tanga mpaka China. Na kabla ya hapo, kwa karne nyingi, vyombo vya Sur vilishuka Zanzibar na Lamu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hapa, wa Ibra kama wa Sur, ni wajukuu wa watu waliopanda vyombo vile. Manahodha wale hawakusafiri na tanga moja. Walikuwa na tanga kubwa la pepo nyepesi, na dogo la siku upepo unapokaza. Kubadilisha tanga ilikuwa kazi nzito ya watu wengi, lakini ilifanywa, kwa sababu nahodha alijua kwamba tanga linachaguliwa kwa upepo na mzigo wa safari ile. Hakuna aliyeliacha tanga moja juu mwaka mzima kwa sababu ndilo alilouziwa. Leo kubadilisha propela kunamtaka mtu mmoja na spana, na hatufanyi.

Wavumbuzi wenyewe wa propela walifundishwa na bahati kwamba kubwa si lazima iwe bora. Mwaka 1837 Mwingereza aitwaye Francis Pettit Smith alikuwa anajaribu boti yake kwenye mfereji London. Propela yake ilikuwa ya mti, imejiviringa mizunguko miwili mizima. Ikagonga kitu, nusu yake ikavunjika. Boti, badala ya kusimama, ikaongeza mwendo. Smith hakuirejesha ile nusu iliyovunjika. Alitengeneza nyengine fupi. Karibu miaka 200 imepita, na bado tunadhani kwamba namba kubwa kwenye kitovu ndiyo inayoleta mwendo mkubwa.

Tuseme sasa juu ya mapanga na madini, maana nalo ni suala linaloulizwa sana. Propela nyingi zina mapanga matatu, na kwa boti nyepesi inayotaka mwendo zinatosha. Yenye mapanga manne inashika maji zaidi. Boti yenye mzigo inapanda juu ya maji mapema, na inabaki imepanda hata ukipunguza mafuta kwa sababu ya mawimbi. Utapoteza mwendo kidogo sana wa juu. Ukihama kutoka matatu kwenda manne, shuka na pichi moja, kwa sababu panga la ziada nalo linaibebesha mashine. Kwa mvuvi anayezunguka Ras al Hadd, pale bahari ya Oman inapokutana na bahari ya Arabuni na mikondo inavutana, mimi ningemshauri ajaribu manne.

Kuhusu madini, aluminiamu na stenlesi kila moja ina mahali pake. Stenlesi ni ngumu, mapanga yake ni membamba na hayapindi mashine ikivuta, kwa hiyo inakwenda vizuri na inastahimili mchanga. Aluminiamu ni laini na rahisi. Lakini fikiria siku ya kugonga jiwe. Aluminiamu inapinda au inavunjika yenyewe, na mara nyingi inainusuru giaboksi. Stenlesi haikubali kupinda kirahisi, na kishindo kinaweza kupanda kwenye shafti na meno ya gia. Anayeingia na kutoka penye miamba mingi ana sababu nzuri ya kubaki na aluminiamu. Anayevua bahari ya kina kirefu na kutumia mashine kubwa ana sababu nzuri ya kununua stenlesi. Uchaguzi ufuate mahali unapovua.

Wenye mashine mbili nyuma ya boti, nanyi mna lenu. Kama mashine zenu zimetengenezwa moja kuzunguka kulia na nyengine kushoto, propela zake haziazimani. Na siku mashine moja ikizima mbali na pwani, msiifungue mafuta yote ile iliyobaki. Propela yake ilichaguliwa kwa boti inayosukumwa na mashine mbili. Ikiwa peke yake imebebeshwa kupita kiasi. Ipunguzeni, mje pole pole, mfike. Watu wameua mashine ya pili kwa haraka ya kurudi, wakabaki wanaelea.

Nieleze sasa kitu kimoja kidogo ambacho ningependa kila mwenye boti akifanye kabla hajalala leo. Fungua propela. Kwanza zima mashine na uvute ile kamba ya usalama, ili isiweze kuwaka mkono wako ukiwa pale. Weka kipande cha mti baina ya panga moja na lile bapa lililo juu yake, ili propela isizunguke unapofungua nati. Nyoosha pini, toa nati, toa zile pete za chuma zilizo nyuma ya propela, ukizipanga chini kwa utaratibu ulivyozitoa. Vuta propela, halafu toa na pete iliyo mbele yake. Sasa tazama shafti pale inapotoka kwenye giaboksi. Mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umejizungusha pale, uzi mwembamba wa nailoni, umekazwa kwa joto mpaka umekuwa kama pete. Uzi huo unakata mpira wa sili. Sili ikikatwa, maji ya chumvi yanaingia ndani na oili inatoka. Fungua skrubu ya chini ya giaboksi uangalie: oili nzuri inapita mwanga au ina rangi yake, iliyoingia maji inakuwa nyeupe kama maziwa. Ukiiona hiyo, usitoke kesho. Sili ni kitu kidogo, giaboksi nzima ni mzigo mkubwa. Ukimaliza, paka grisi shafti, rudisha kila pete mahali pake na upande wake, kwa sababu pete ya mbele ndiyo inayobeba msukumo wote wa boti. Ikisahauliwa, propela itasaga nyumba ya gia. Weka pini mpya, usirudishe iliyochoka.

Propela ikiwa mkononi, pitisha kidole kwenye kingo za mapanga. Boti zetu zinavutwa mchangani kwa pikapu kila siku, na mchanga unalamba ncha. Ukingo wa nyuma wa panga, kwenye propela nyingi, una mkunjo mdogo sana ambao jicho linaweza kuukosa lakini kidole kinausikia. Mkunjo huo ndio unaosaidia propela kushika maji. Fundi anayenyoosha propela kwa nyundo na kulainisha kwa tupa akiula mkunjo ule, anakurudishia propela inayong'ara lakini inateleza. Na akiacha panga moja zito kuliko mengine, mashine itatetemeka, na mtetemo huo utazila beringi na sili. Propela iliyopinda vibaya ipelekwe kwa mwenye vifaa vya kupimia, au ibaki kuwa ya akiba ya kurudia nyumbani tu.

Vijana wa Ibra na Nizwa wanaoshuka Sur siku za Ijumaa na boti zao za matembezi, haya hayamhusu mvuvi peke yake, nanyi yanawahusu. Boti inayobeba watu wawili wiki hii na familia nzima wiki ijayo si boti moja kwa mashine. Kuwa na propela mbili: moja ya siku nyepesi, moja yenye pichi ndogo kwa siku ya watoto na mizigo. Ile usiyoitumia ndiyo akiba yako, ibebe pamoja na spana, nati na pini. Boti inayoshindwa kupanda juu ya maji ikiwa na watoto ndani inachelewa kukimbia upepo na inamaliza petroli kabla ya hesabu yako.

Sasa nina ombi, na nalitoa kwa dhati. Tangu serikali ilipoanza kuwasaidia wavuvi kupata boti za faiba na mashine, watu wetu wamejifunza mengi kuhusu plagi, oili na petroli. Propela imeachwa nyuma kwa sababu moja ya kweli: mvuvi hawezi kununua propela nne ili ajue ipi inamfaa. Hapo umoja unahitajika. Kila wilaya ya pwani ina kamati ya Sunan al-Bahr, wazee na manahodha wanaosimamia mila na haki za bahari. Naziomba kamati hizo zifikirie kuweka sanduku moja la propela za majaribio kwa kila ufukwe, za pichi mbalimbali kwa zile mashine zilizo nyingi pale, pamoja na mita moja ya mizunguko. Mvuvi aazime, apakie mzigo wake, apime, arudishe, ndipo aende dukani akijua namba yake. Na wauzaji wa mashine nawaomba wamuulize mteja maswali matatu kabla ya kufunga propela: boti yako ina urefu gani, unarudi na mzigo gani, na unavua wapi. Muuzaji anayeuliza hivyo atauza propela zaidi, na mteja wake atarudi kununua kwa hiari badala ya kurudi kulalamika.

Kwako ndugu yetu wa Sur, jawabu ndilo hili. Soma namba za propela yako. Soma mizunguko kwenye kitabu. Pakia boti, pima. Ukikuta haifiki, shuka pichi mbili, pima tena, na ikibidi shuka zaidi. Ukiona umefika kwenye mizunguko yako na bado boti haiwezi kubeba mzigo unaoupata, basi hapo mashine ni ndogo kweli, na mashine kubwa ni haki yako. Lakini nenda kwenye deni hilo ukiwa na namba mkononi.

Anayetaka kutuletea namba za boti yake, pichi, mizunguko akiwa mtupu na mizunguko akiwa na mzigo, atuletee. Tutazisoma hewani mazungumzo yajayo na kuzipigia hesabu pamoja, ili mwenye boti kama hiyo afaidike. Msimu wa nguru mwema kwenu, Mwenyezi Mungu awape riziki ya halali na awarudishe nyumbani salama.